Mechnikov: Mtafiti aliyefichua askari wa mwili

PALIPO na watafiti wanaosaka tiba ya kuangamiza kabisa virusi vya Ukimwi, hapakosi kazi ya mtu aliyefariki zaidi ya karne moja iliyopita. Ilya Mechnikov ndiye aliyeonyesha kwamba mwilini mna chembechembe hai zinazowavamia na kuwameza wavamizi.

Alizaliwa Mei 1845 karibu na mji wa Kharkiv, eneo la Ukraine lililokuwa chini ya milki ya Urusi. Alikuwa mwanafunzi mwenye kipaji na pupa ya elimu, akakamilisha kwa miaka miwili masomo ya chuo kikuu yaliyotengewa minne. Kufikia 1870 alikuwa profesa wa elimu ya wanyama mjini Odessa.

Hata hivyo, maisha yake yaliandamwa na msiba. Mkewe wa kwanza, Ludmila, alifariki mwaka wa 1873 kutokana na kifua kikuu. Mechnikov alizama katika majonzi, akajaribu kujitoa uhai, lakini akanusurika. Mkewe wa pili, Olga, alipougua homa ya matumbo mwaka wa 1880, alikata tamaa tena, akajidunga damu yenye viini vya homa inayorudiarudia. Aliugua sana, ila akapona.

Siasa zilipovuruga chuo cha Odessa, alijiuzulu mwaka wa 1882 na kuhamia Messina, kisiwani Sicily. Huko alichunguza kwa darubini viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo miili yao huangaza kama kioo. Alivichoma kwa miiba midogo ya waridi. Asubuhi iliyofuata, alikuta chembechembe zimejikusanya na kuizingira miiba hiyo. Baadaye alionyesha jinsi chembechembe za aina hiyo zinavyomeza kuvu walioshambulia viroboto wa maji.

Wengi hawakumwamini. Wanasayansi wa Ujerumani walishikilia kwamba ni majimaji ya damu yanayoua viini, na baadhi ya wapinzani wake wakadai kuwa chembechembe hizo husambaza maradhi mwilini badala ya kuyazuia. Mwaka wa 1888 Louis Pasteur alimpa maabara katika taasisi yake jijini Paris, na akaitetea hoja yake humo hadi mwisho. Ubishi huo ulipata suluhu ya heshima mwaka wa 1908, aliposhiriki Tuzo ya Nobel na Mjerumani Paul Ehrlich, mtetezi wa kinga ya majimaji. Ilibainika kuwa kila upande ulikuwa umeshika sehemu ya ukweli.

Wengine humkumbuka kwa kusifu maziwa yaliyochachuka kuwa huchelewesha uzee. Pamoja na Émile Roux, alifaulu mwaka wa 1903 kuwaambukiza sokwe kaswende ili maradhi hayo yachunguzwe. Alifariki Julai 1916 akiwa na umri wa miaka 71. Majivu yake yamehifadhiwa katika Taasisi ya Pasteur.

Ni katika taasisi hiyo hiyo ambapo Françoise Barré-Sinoussi na Luc Montagnier walitambua virusi vya Ukimwi mwaka wa 1983, wakatuzwa Nobel mwaka wa 2008, miaka 100 kamili baada ya Mechnikov.

Virusi hivyo ni adui wa ajabu kwa sababu huwateka askari wenyewe. Hushambulia hasa chembechembe za CD4, ambazo huongoza kinga ya mwili, na huweza kuingia hata katika zile zinazomeza viini. Dawa huzuia virusi visizaane, lakini baadhi hujificha kimya ndani ya chembechembe hizo kwa miaka mingi. Mgonjwa akiacha dawa, kwa kawaida huibuka upya.

Ndiyo maana watafiti hutafuta mbinu za kuviibua mafichoni ili chembechembe nyingine, zenye uwezo wa kuua zilizoambukizwa, zivimalize. Uwezo huo umechunguzwa pia Nairobi, miongoni mwa wanawake wa mtaa wa Majengo ambao hawakuambukizwa licha ya kukabiliwa na virusi mara nyingi.

Mechnikov hakuujua Ukimwi. Lakini wanaotafuta tiba yake wangali wanatembea katika njia aliyoifungua: kuwajua askari wa mwili, nguvu zao na udhaifu wao.