Mwenye Nguvu Mpishe: Maisha ya Edith Garrud

Muhula uliopita, mwalimu mmoja wa kike ninayemfahamu, ambaye amekwisha kupita umri wa miaka 45 na ambaye watoto wake wamo katika shule ya upili, aliwaarifu wenzake chumbani mwa walimu kwamba angesafiri mwishoni mwa juma kwenda kushiriki mashindano ya jujitsu, ile mieleka ya Kijapani aliyoanza kujifunza akiwa mtu mzima. Kicheko kilichozuka humo, kwa mujibu wa walioshuhudia, kilisikika hadi madarasani. Mmoja alimwuliza kama alikuwa ameagana na nyonga. Mwingine, tena mwalimu wa Kiswahili, alimwita kizee cha miereka.

Neno hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mwanamume akizeeka katika lugha yetu huitwa mzee, naye husalia katika ngeli ya watu, tena kwa heshima. Mwanamke akizeeka, aghalabu huitwa kizee, akavishwa kiambishi kile kile tunachokitumia kudunisha na kupunguza, kama katika kijitu na kitoto. Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya sarufi tu. Mimi nashikilia kwamba sarufi ni kumbukumbu ya mazoea ya jamii, na mazoea yaweza kupingwa. Ningependa basi kuwasimulia walimu na wanafunzi maisha ya mwanamke aliyewahi kuchekwa kwa namna hiyo hiyo, katika nchi nyingine na zama nyingine.

Edith Margaret Williams alizaliwa mwaka wa 1872 katika mji wa Bath, kusini-magharibi mwa Uingereza, akalelewa Wales. Mwaka wa 1893 aliolewa na William Garrud, mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyefundisha pia ndondi na mieleka, nao wakahamia London. Kimo chake Edith hakikufika futi tano. Lau angepita barabarani leo miongoni mwa wanafunzi wa kidato cha kwanza, huenda wapita njia wangemhesabu kuwa mmoja wao.

Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, mhandisi mmoja Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi Japani, Edward Barton-Wright, alirejea kwao akiwa na ujuzi mpya wa kupigana, na punde si punde akawaleta London mabingwa wa Kijapani, akiwamo Sadakazu Uyenishi. Mtu na mkewe, Bwana na Bibi Garrud, walivutiwa. Baadaye wakawa wanafunzi wa Uyenishi katika shule yake iliyokuwa Golden Square, mtaa wa Soho. Uyenishi alipoondoka Uingereza mwaka wa 1908, William aliirithi shule hiyo, naye Edith akashika madarasa ya wanawake na watoto. Alikuwa na umri wa miaka 36. Miongoni mwa wanawake wa Ulaya waliofundisha sanaa hiyo, yeye ni katika wa mwanzo kabisa.

Ni vyema tueleze hapa jujitsu ni kitu gani, maana bila hivyo maisha ya mama huyu hayaeleweki. Jina lenyewe la Kijapani lina sehemu mbili: ya kwanza ina maana ya ulaini au unyumbufu, ya pili ina maana ya ufundi. Ni ufundi wa kulainika, basi. Mtu mwenye nguvu akikusukuma, silika hukuambia nawe umsukume. Hapo mshindi ni yule aliye mzito zaidi. Mwanajujitsu hafanyi hivyo. Hulegea, akamvuta adui kuelekea kule kule anakokwenda, akaingiza mguu au nyonga chini ya kiwiliwili chake, na uzito wa adui ndio unaombwaga. Mkono ukikamatwa, hutumia kiungo cha adui kama wenzo: kifundo au kiwiko kikipindwa kidogo tu upande usiopindika, jitu zima hupiga magoti. Sisi tuna methali isemayo kwamba mwenye nguvu mpishe. Kwa kawaida tunaifasiri kuwa ushauri wa kusalimu amri. Kwa Edith Garrud, kumpisha mwenye nguvu kulikuwa ndiyo hatua ya kwanza ya kumwangusha.

Wakati huo wanawake wa Uingereza hawakuwa na haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa bunge. Walikuwa wameiomba kwa maandishi na kwa adabu kwa miongo kadhaa bila mafanikio. Mwaka wa 1903, mjini Manchester, Emmeline Pankhurst na wenziwe waliunda chama kilichoamua kudai kwa vitendo. Mwaka wa 1906 gazeti moja la London, Daily Mail, liliwabandika wanachama hao jina la kuwakejeli: safrajeti. Kiishio cha neno hilo kwa Kiingereza kina kazi ile ile ya kiambishi chetu ki-, yaani kupunguza na kufanya kitu kionekane cha mchezo. Wanawake hao hawakuandika barua za kulalamika. Walilichukua jina hilo, wakalivaa kama nishani, na mwaka wa 1912 wakaliita gazeti lao kwa jina hilo hilo. Kwa mtazamo wa isimu, hiyo nayo ni jujitsu: nguvu ya mtukanaji ikageuzwa ikamwangusha mwenyewe.

Edith aliingia katika harakati hizo kwa mlango wa kazi yake. Alianza kuwafundisha wanawake wa vyama vya kudai kura, na mwaka wa 1909 chama cha Pankhurst kikamwalika yeye na mumewe kufanya maonyesho. Desturi yao ilikuwa kwamba Edith huonyesha na William hueleza. Husimuliwa kwamba siku hiyo Bi. Pankhurst alimhimiza Edith aseme mwenyewe, naye akasema. Tangu hapo hakunyamaza. Aliandika makala katika gazeti la chama akiwahimiza wanawake wajifunze kujilinda, na katika maonyesho yake alikuwa akiwabwaga chini wanaume waliovishwa sare za polisi. Mwezi wa Julai 1910 jarida la vichekesho la Punch lilichapisha kibonzo cha mwanamke mdogo aliyesimama peke yake mbele ya kundi la askari wanaogopa kumkaribia. Nchi ilicheka.

Kicheko hicho hakikudumu. Tarehe 18 Novemba 1910, wanawake wapatao 300 waliandamana kwenda bungeni. Kwa muda wa saa nyingi polisi na wahuni waliwapiga, wakawatupa huku na huko na kuwadhalilisha kimwili. Zaidi ya 100 walikamatwa. Siku hiyo iliitwa Ijumaa Nyeusi, na baada yake hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu ya mwanamke kujifunza kujikinga.

Hapa ndipo msomaji wa leo atakapouliza kuhusu upande wa pili, na ni haki yake. Chama hicho kilivunja madirisha, na baadaye baadhi ya wanachama walichoma majengo. Wapo wanawake waliodai kura kwa bidii iyo hiyo lakini wakaukataa mwendo huo, na mwalimu wa historia asiwafiche wanafunzi wake mjadala huo. Garrud mwenyewe alikuwa upande wa wavunja madirisha. Uzeeni alisimulia jinsi wanawake waliotoka kuvunja vioo karibu na barabara ya Oxford walivyokimbilia kwake, wakaficha nyundo zao chini ya mikeka ya mazoezi, wakavaa nguo za mazoezi upesi. Polisi walipobisha hodi, aliwapokea kwa mshangao wa mwalimu aliyekatiziwa kipindi, akawasihi waheshimu faragha ya wanafunzi wake. Wakaondoka.

Wafungwa wa chama walipogoma kula, serikali iliwalisha kwa nguvu kwa mipira iliyotiwa puani au kooni. Umma ulipochukizwa, bunge lilipitisha mwaka wa 1913 sheria iliyopata jina la Sheria ya Paka na Panya: mfungwa aliyedhoofika kwa njaa huachiliwa, akipata nafuu hukamatwa tena. Bi. Pankhurst, aliyekuwa amepita umri wa miaka 50, akawa panya wa sheria hiyo. Ili kumlinda asikamatwe kila atokapo, liliundwa kundi la walinzi wanawake wapatao 30, chini ya uongozi wa Gertrude Harding, mzaliwa wa Kanada. Mwalimu wao wa mapambano alikuwa Edith Garrud. Alikuwa na miaka 41.

Mafunzo yalifanyika kwa siri, na mahali pakibadilishwa mara kwa mara kwa kuwa wapelelezi waliwafuata. Walifundishwa kuanguka bila kuumia, kujinasua mikononi mwa askari, na kutumia marungu ya mazoezi waliyoyaficha ndani ya magauni yao marefu. Zaidi ya hayo walifundishwa hila. Mwezi wa Februari 1914 Bi. Pankhurst alihutubia umati kutoka roshanini jijini London. Kisha akatoka mwanamke aliyejitanda shela, walinzi wakampigania kufa na kupona, polisi wakamkamata, kumbe siye. Pankhurst wa kweli alikuwa ameponyoka.

Safari yao mashuhuri zaidi ilikuwa ya Glasgow, mwezi uliofuata. Walinzi hao walipanda gari-moshi usiku kutoka London, wakasafiri hadi Scotland, na jioni ya tarehe 9 Machi 1914 wakaketi jukwaani katika ukumbi wa St. Andrew's, mbele ya maelfu ya watu. Ukingo wa jukwaa ulipambwa kwa maua, na ndani ya maua mlikuwa na seng'enge. Bi. Pankhurst aliupenya ulinzi wa nje kwa kuingia na tikiti kama mtu yeyote, akapanda, akaanza kusema. Hakumaliza hata dakika chache. Polisi walivamia, wakakutana na seng'enge, kisha marungu, kisha wanawake waliokuwa wamefundishwa na mama mfupi wa Soho. Mwishowe askari walishinda kwa wingi wao, na kiongozi akakamatwa. Si kila pambano hushindwa na aliye na haki. Lakini maelfu walikuwa wameona kwa macho yao jinsi dola ilivyomshughulikia mwanamke mmoja dhaifu wa mwili, na wengi walitoka wakiwa wamekasirikia dola.

Miezi mitano baadaye Vita Vikuu vya Kwanza vilianza na chama kikasimamisha harakati. Mwaka wa 1918 wanawake wa Uingereza waliotimiza miaka 30 na kutimiza masharti ya mali walipata kura. Mwaka wa 1928 wakasawazishwa na wanaume. Bwana na Bibi Garrud waliendelea na shule yao hadi mwaka wa 1925, wakaiuza, wakajiondoa machoni pa watu. William alifariki mwaka wa 1960. Edith aliishi hadi mwaka wa 1971, akafa akiwa na miaka 99.

Tusiyasimulie haya kana kwamba haki ilimshukia kila mtu kwa pamoja. Mwaka ule ule wa 1913 Garrud alipokuwa akiwanoa walinzi wake, utawala wa Waingereza hawa hawa ulimkamata huku Pwani yetu Mekatilili wa Menza, mwanamke Mgiriama aliyekuwa mtu mzima wa makamo ya kuheshimiwa, ukampeleka uhamishoni Kisii. Mapema mwaka wa 1914 alitoroka, akarudi kwao kwa mwendo wa mbali mno. Walowezi wa kike wa Kizungu walipewa kura katika nchi hii mwaka wa 1919. Mama zetu walingoja hadi kukaribia uhuru, na uchaguzi wa mtu mmoja kura moja haukuja hadi mwaka wa 1963.

Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi kwa nini mwalimu wa isimu ajishughulishe na mieleka. Jibu langu ni kwamba mambo yote mawili yanahusu mahali pa kusimama. Aliyemwita Garrud kwa jina la kupunguza alitaka kumwondoa mahali pake kabla hajamgusa. Mtoto wa kike anayeambiwa darasani kwamba hesabu ni za wavulana, na mwalimu wa kike anayeambiwa kwamba miaka 45 ni ya kukaa kitako, wote wanasukumwa kwa neno, na neno hulipita wengi bila kulitambua kuwa ni msukumo.

Siwashauri walimu wafute kizee katika kamusi. Maneno hayafi kwa amri. Nawashauri wayaweke ubaoni, wawaulize wanafunzi nani huitwa mzee na nani huitwa kizee, na ni kwa nini, kisha wawaache wajadiliane bila kuwakatiza. Kipindi kimoja chatosha kuanzia.

Yule mwalimu mwenzetu alisafiri Ijumaa jioni kwa basi. Alishindwa katika pambano la kwanza na kushinda la pili, dhidi ya binti aliyemzidi uzito na aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 20. Jumatatu aliingia darasani kidole kimoja kikiwa kimefungwa bendeji, akaandika tarehe ubaoni, akaendelea na somo alipoliachia.