Aliyetua Kwanza Juu ya Manowari
Eugene Ely alikuwa Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1886. Tarehe 18 Januari, 1911, alitua na eropleni juu ya manowari Pennsylvania, iliyotia nanga San Francisco. Juu ya sitaha palijengwa jukwaa la mbao, zikakingamishwa kamba 22 zenye mifuko ya mchanga kila mwisho. Kulabu za eropleni zikanasa kamba, ikasimama. Ely hakujua kuogelea. Alijifunga mipira ya baisikeli asije akazama. Oktoba ya mwaka ule ule alianguka na eropleni huko Georgia akafa, hajatimiza miaka 25. Lakini naona kazi yake haikufa: hata leo eropleni nyingi hutua melini kwa kulabu na kamba, ila kamba sasa ni za chuma.