Paul Bomani (1925–2005): Kutoka Mizani ya Pamba hadi Sanduku la Kura

Mwanafunzi, karibu kila kitabu cha uraia kinazipanga sifa za uchaguzi huru na wa haki kwa namba: kura ya siri, tume isiyopendelea upande, daftari sahihi la wapiga kura, kampeni za usawa, na kadhalika. Wengi huzikariri usiku wa kuamkia mtihani, na wiki moja baadaye hawakumbuki hata mbili. Sehemu hii itakupitisha njia nyingine. Utasoma maisha ya mtu mmoja wa Kanda ya Ziwa aliyeingia katika chombo cha kutunga sheria kwa kuteuliwa na gavana, baadaye akachaguliwa, akaangushwa na wapiga kura akiwa Waziri wa Fedha, kisha akarudi bungeni kwa uteuzi wa Rais. Soma huku ukijiuliza, katika kila hatua, wananchi walikuwa na uwezo gani wa kumweka au kumwondoa.

Mtoto wa mhubiri

Paul Bomani alizaliwa Musoma mwaka 1925. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato, na Paul alisoma katika shule za kanisa hilo, ikiwamo Ikizu. Baada ya masomo alifanya kazi katika mgodi wa almasi wa Mwadui, halafu mwaka 1947 akaja Mwanza kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika. Alikuwa na umri wa miaka 22 tu. Kazi yenyewe ilikuwa ya daftari na hesabu, lakini ndiyo iliyomkutanisha na wakulima wa pamba.

Mizani

Hapa usisome haraka, kwa sababu ndipo penye kiini cha habari yote.

Usukumani, pamba ndiyo iliyokuwa fedha ya mkulima. Alilima, akapalilia, akavuna, akachambua safi na chafu, kisha akabeba mzigo wake hadi kwa mnunuzi, ambaye mara nyingi alikuwa mfanyabiashara wa Kiasia mwenye duka na ghala. Mizani ilikuwa ya mnunuzi. Aliyeisoma alikuwa mnunuzi au mtu wake. Aliyeandika uzito alikuwa yeye yule. Mkulima asiyejua kusoma alisimama upande wa pili akasubiri kuambiwa mzigo wake una uzito gani. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa mengi, na mkulima mmoja mmoja hakuwa na la kufanya. Angeweza kurudi nyumbani na pamba yake, lakini pamba hailiwi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walipata dawa isiyohitaji bunduki wala sheria mpya. Walijichangia fedha na kuajiri wapimaji wao, vijana waliojua kusoma na kuandika, wakasimame kando ya mizani siku ya mauzo na kuthibitisha uzito. Mnunuzi aliendelea kununua na mizani iliendelea kuwa yake, ila sasa kulikuwa na jicho la pili. Bomani alizunguka vijijini akiwahamasisha wakulima wajiunge, na mwaka 1952 akawa kiongozi wa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Wakati huohuo aliongoza Tanganyika African Association, TAA, katika jimbo hilo.

Sasa fikiria kituo cha kupigia kura. Serikali ndiyo yenye masanduku, karatasi na wino. Watumishi wanaohesabu wameajiriwa na tume. Kwa nini basi sheria inaruhusu kila chama kiwe na wakala wake chumbani, ashuhudie sanduku likiwa tupu asubuhi, aone kila kura ikihesabiwa jioni, asaini fomu ya matokeo na kupewa nakala? Ni kwa sababu ileile iliyomfanya mkulima wa Magu au Kwimba amlipe mpimaji wake. Mwenye mizani anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini uaminifu wake unathibitishwa na mwingine. Ukiulizwa umuhimu wa mawakala au waangalizi, usiandike kwamba wapo ili kuleta amani. Eleza kwamba wapo ili hesabu ya mtu mmoja iweze kukaguliwa na mtu mwingine.

Ushirika

Kati ya mwaka 1953 na 1954 Bomani alikwenda Loughborough, Uingereza, kusomea ushirika. Aliporudi, vyama vya msingi vilikuwa vinachipua kila upande wa ziwa. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana chini ya Victoria Federation of Co-operative Unions, makao yake makuu yakiwa Mwanza, na Bomani akawa meneja mkuu. Ndani ya miaka michache ushirika huo ulikuwa unanunua pamba yote ya jimbo na kumiliki viwanda vya kuichambua. Ulihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika barani.

Kwa mada yetu, jambo la kushika ni kanuni ya ushirika: mwanachama mmoja, kura moja. Mwenye shamba la eka mbili na mwenye eka thelathini walikuwa sawa wakati wa kuchagua kamati. Mkulima wa Usukumani alikuwa anachagua viongozi wa chama chake cha msingi, na kuwaondoa, miaka kadhaa kabla serikali ya kikoloni haijamruhusu kuchagua mtu yeyote wa kumwakilisha Dar es Salaam.

Kura tatu

Katikati ya miaka ya 1950 Bomani aliteuliwa na gavana kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Aliwasemea wakulima humo, lakini kiti alipewa na gavana, na ni gavana aliyeweza kukichukua.

Huko nyumbani hali haikuwa rahisi. TANU ilipoundwa mwaka 1954, serikali ilikataa kusajili matawi yake katika sehemu kubwa ya Jimbo la Ziwa, na zuio hilo likadumu hadi 1958. Mwaka huohuo wa 1958 wananchi wa Geita walikataa baraza la wilaya lenye wajumbe wa rangi mbalimbali walilowekewa bila ridhaa yao. Umati wao ulikuja hadi Mwanza kudai haki, nao walilazimika kuvuka ghuba, maana Daraja la Kigongo–Busisi unalolijua wewe halikuwapo. Zingatia: chama kikizuiwa kufungua tawi kwa miaka minne, sanduku la kura linaweza kuwa safi siku ya uchaguzi na uchaguzi usiwe huru. Uhuru wa kukutana na kujipanga huja kabla ya siku ya kura.

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Ili uandikishwe ulitakiwa uwe na umri wa miaka 21, na pia uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kutosha, au wadhifa unaotambuliwa. Mkulima wa kawaida hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Katika nchi ya watu karibu milioni 9, walioandikishwa hawakufika laki moja. Tena kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Ukiacha sehemu moja wazi, karatasi yako inaharibika.

Je, TANU isusie? Mkutano wa Tabora wa Januari 1958, ambao maamuzi yake yanaitwa Uamuzi wa Busara, ulikubali kushiriki. Zuberi Mtemvu alipinga, akajitoa na kuanzisha chama chake. TANU iliwaunga mkono pia wagombea wa Kizungu na Kiasia waliokubaliana nayo, mmoja wao akiwa Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza, na wagombea wake wakashinda. Bomani naye sasa alikuwa mjumbe wa kuchaguliwa, na mwaka 1960 akawa waziri. Baada ya uhuru alikabidhiwa Wizara ya Fedha.

Septemba 1965

Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Inasikika vizuri, hadi utakapojua kwamba katika majimbo 58 mgombea wa TANU hakuwa na mpinzani. Wananchi wa huko hawakupiga kura kabisa. Viongozi wenyewe waliiona kasoro hiyo. Tume chini ya Rashidi Kawawa, iliyoundwa mwaka 1964, ilipendekeza utaratibu mpya ambao uliingia katika katiba ya 1965: chama kingekuwa kimoja, lakini wagombea wa kila jimbo wangekuwa wawili.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mkutano wa TANU wa wilaya uliwapigia kura walioomba, halafu Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma apige kura bila kusaidiwa. Wote wawili walizunguka pamoja na kuhutubia mkutano mmoja, kwa Kiswahili, mbele ya wasimamizi. Ilikatazwa kuomba kura kwa kabila, rangi au dini, na ilikatazwa kudai kwamba Nyerere anakuunga mkono. Kwa upande wa usawa wa kampeni, nchi nyingi zenye vyama vingi hadi leo hazifikii kiwango hicho.

Bomani aligombea Mwanza. Hesabu pamoja nami aliyokuwa nayo: alikuwa Waziri wa Fedha, jina lake lilijulikana katika kila ghala la pamba, na ushirika ulioinua maisha ya watu wa jimbo ulikuwa kazi ya mikono yake. Alishindwa.

Hakuwa peke yake. Waziri mwingine mmoja na mawaziri wadogo kadhaa waliangushwa pia. Kwa Bomani, si vigumu kuona kilichomponza. Waziri wa Fedha ndiye anayetangaza kodi, na kazi ya Dar es Salaam humweka mtu mbali na jimbo lake. Ushirika nao ulikuwa umekua mno, na wanachama wa chini walianza kunung'unika juu ya makato na watendaji wao. Mwaka uliofuata serikali iliunda kamati ya kuuchunguza ushirika nchini kote, na kabla ya mwisho wa muongo huo shirikisho la Victoria lilivunjwa, nafasi yake ikachukuliwa na Nyanza. Yule aliyewafundisha wakulima kuikagua mizani ya mnunuzi alikuwa sasa amesimama upande wa wenye mizani.

Matokeo yalitangazwa kama yalivyohesabiwa, na waziri akakosa kiti. Hilo ni jambo kubwa, na ndiyo sehemu ya haki. Sehemu ya uhuru ndiyo iliyopungua. Mpiga kura wa Mwanza aliweza kuchagua kati ya jembe na nyumba, lakini hakuweza kuchagua sera nyingine wala chama kingine, na wagombea wote wawili walikuwa wamechujwa na chama. Kwa urais jina lilikuwa moja, na kura ilikuwa ndiyo au hapana. Kwa hiyo usiyaandike maneno huru na haki kana kwamba ni neno moja. Uchaguzi wa 1958 ulikuwa na wapinzani, ila uliwafungia nje watu wengi. Uchaguzi wa 1965 uliwaingiza watu wazima wote, ila ulifunga mlango kwa vyama vingine hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1992.

Baada ya kushindwa

Rais Nyerere alimteua Bomani kuwa mbunge, akampa wizara ya uchumi na mipango ya maendeleo. Wizara ya Fedha ilikwenda kwa Amir Jamal. Wapo waliosema nchi changa haikuwa na wataalamu wa kupoteza, na wapo walioona kwamba neno la wapiga kura wa Mwanza lilikuwa limepunguzwa uzito. Hata leo katiba inampa Rais nafasi ya kuteua wabunge wasiozidi 10, kwa hiyo hoja hiyo haijafa.

Bomani aliendelea kulitumikia taifa, na kuanzia mwaka 1972 hadi 1983 alikuwa balozi nchini Marekani. Alifariki mwaka 2005.

Jipime

Bomani aliingia katika chombo cha kutunga sheria kwa uteuzi mara mbili, mara moja wa gavana na mara moja wa Rais. Eleza tofauti mbili kati ya teuzi hizo, kisha jadili kama mgombea aliyekataliwa na wapiga kura wa jimbo lake anafaa kuteuliwa kuwa mbunge katika Bunge lilelile. (Alama 15)