Alexander Graham Bell

Alexander Graham Bell alizaliwa mwaka 1847 mjini Edinburgh, katika nchi ya Uskoti. Baba yake alikuwa mwalimu wa matamshi. Mama yake alikuwa mzito wa kusikia. Watu wengine walisema naye kwa bomba la sikio, lakini Alexander aliinama karibu na kipaji cha uso wake, akasema polepole, naye mama akamfahamu.

Alipokuwa mtu mzima alifundisha viziwi kusema, mjini Boston, Marekani. Huko alijaribu pia kupitisha sauti katika waya. Tarehe 10 Machi 1876 msaidizi wake Watson, aliyekuwa katika chumba kingine, alisikia maneno yake kwa simu.

Bell alikufa mwaka 1922. Taabu moja ilibaki: katika simu na redio, herufi B na D hufanana sana masikioni, na rubani akikosea herufi moja aweza kupoteza njia. Kwa hiyo mwaka 1956 wakubwa wa safari za ndege za mataifa waliipa kila herufi neno lake. Rubani akitaja herufi za Goma, husema Golf, Oscar, Mike, Alfa.

Mtoto yule wa Edinburgh alijua mapema: asemaye na amfikirie asikiaye.