Bwana Wilson na Ua la Bonde la Min

Mmeona kanisani sanamu ya Mtakatifu Yosefu. Mara nyingi mkono mmoja unamshika Mtoto Yesu, na mkono wa pili unashika tawi la maua meupe. Maua yale ni mayungiyungi. Umbo lake ni kama tarumbeta: nyuma jembamba, mbele linapanuka. Shina lake linaota kutoka katika kitunguu kilichojificha udongoni. Si kitunguu cha kutia katika mchuzi, lakini kinafanana nacho. Kimefanywa kwa magamba mazito yaliyopangwa moja juu ya moja, wala hakina ngozi kavu ya kukifunika. Kumbukeni jambo hilo la ngozi, maana litarudi mbele.

Siku hizi bustani za Ulaya na Marekani zina mayungiyungi ya namna nyingi, meupe, ya manjano, ya rangi ya embe bivu. Mengi yake ni chotara, maana yake baba ni wa aina moja na mama ni wa aina nyingine. Ukiuliza yale yenye umbo la tarumbeta ukoo wao ulitoka wapi, mara nyingi utafikishwa kwenye bonde moja la China, na kwa mtu mmoja aliyechechemea. Jina lake lilikuwa Ernest Henry Wilson.

Alizaliwa tarehe 15 Februari 1876 katika mji mdogo wa Chipping Campden, Uingereza. Baba yake alifanya kazi ya gari la moshi, na nyumbani hapakuwa na mali. Kijana akaacha shule mapema, akaenda kujifunza kazi kwa muuza miche. Alipopata miaka 16 akaingia katika bustani ya mimea ya Birmingham. Mchana alishika jembe, jioni alikwenda kusoma elimu ya mimea. Watu wengi wakishika jembe mchana kutwa, jioni hawataki kuona kitabu. Yeye alitaka. Mwaka 1897 akapokewa katika bustani kubwa ya Kew, karibu na London.

Wakati ule wauza miche wa Ulaya walishindana kuleta mimea mipya kutoka nchi za mbali. Nyumba ya Veitch ilitafuta kijana wa kwenda China kuchukua mbegu za mti mmoja tu, mti ambao maua yake yanazungukwa na majani meupe yanayoning'inia kama leso zilizoanikwa. Mti huo ulijulishwa kwa wataalamu wa Ulaya mwaka 1869 na Padri Armand David, mmisionari Mfaransa wa shirika la Walazaristi, yule yule aliyewajulisha pia habari za panda, dubu mwenye rangi nyeusi na nyeupe. Wilson akachaguliwa, akaondoka mwaka 1899.

Alikwenda kwanza kumtafuta Augustine Henry, mtu wa Ireland aliyefanya kazi ya forodha ya China, kwa kuwa Henry aliuona mti mmoja miaka mingi nyuma. Henry akamchorea ramani kwenye kipande cha karatasi, akatia alama. Nchi yenyewe ilikuwa kubwa mno, milima mitupu. Wilson akasafiri, akafika penye alama mwezi wa Aprili 1900. Akakuta nyumba mpya ya mbao, na kando yake kisiki. Mti ulikuwa umekatwa kujenga nyumba ile! Usiku ule hakupata usingizi. Lakini hakurudi kwao. Majuma machache baadaye, mahali pengine, akaukuta mti wa namna ile umejaa maua, akakusanya mbegu nyingi. Baadaye alikuja kusikia kwamba mmisionari mwingine Mfaransa, Padri Farges, alikuwa amekwisha kupeleka mbegu Ufaransa, na moja ilikuwa imeota. Si vibaya kulitaja hilo, maana wapadri wale walitembea kwa miguu katika milima ile bila nyumba yo yote ya miche kuwalipa.

Mwaka 1902 Wilson akarudi Uingereza, akamwoa Ellen Ganderton. Hawakukaa pamoja mwaka mzima, Veitch wakamtuma tena China.

Ndipo mwaka 1903 alipofika bonde la mto Min, katika jimbo la Sichuan. Mto unapita chini kwa kishindo, milima inasimama pande zote mbili kama kuta, na njia ni nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima. Wakati wa baridi ni baridi kali. Wakati wa joto mawe yanachoma. Upepo mkavu unavuma karibu kila siku. Mtu angesema hapa hapaoti kitu ila majani makavu. Kumbe, mwezi wa Juni, katikati ya miamba na majani hayo hutokea maua makubwa yasiyo na hesabu, ndani meupe, kooni ya manjano, nje yenye rangi ya divai. Jioni hewa ikipoa, bonde lote linanukia. Ua hilo haliko porini mahali pengine, ni katika kipande kile cha bonde tu.

Wilson alifahamu mara moja thamani yake. Mayungiyungi mengi yanapendeza, lakini yanakufa upesi katika bustani. Hili lilizoea joto, baridi, upepo na udongo mbaya. Mwaka 1904 akapeleka vitunguu vichache Uingereza, navyo vikaota. Kisha aliacha kazi ya Veitch, akaajiriwa na bustani ya miti iitwayo Arnold Arboretum, katika mji wa Boston, Marekani. Mwaka 1908 akapeleka vitunguu vingine Boston. Vikasafiri mtoni na baharini miezi mingi, na sanduku zilipofunguliwa, sehemu kubwa ilikuwa imeoza. Hapo mnaona taabu ya kitunguu kisicho na ngozi: kikipata unyevu mwingi kinaoza, kikikosa unyevu kinanyauka.

Mtu mwingine angesema basi. Wilson alirudi mwaka 1910, naye ameacha mke na mtoto mdogo wa kike. Alifika bondeni, akaweka alama penye maua mazuri, akapatana na watu wachimbe vitunguu wakati wa Oktoba, shina likiisha kukauka na kitunguu kimeshiba. Kisha akaanza safari ya kurudi mjini. Alikuwa amekaa katika kipoyi, wachukuzi wanatembea, mbwa wake anatangulia, na moyo wake ulikuwa na furaha.

Ghafula mbwa akaacha kutikisa mkia, akajikunyata, akakimbia. Jiwe dogo likaanguka njiani, likarukia mtoni. Wilson akapiga kelele, wachukuzi wakatua kipoyi. Mlima ulikuwa unaporomoka. Akatoka, akakimbia kutafuta mwamba wa kujikinga. Jiwe kubwa likapiga kipoyi, likakitupa chini mtoni. Jiwe lingine likampiga yeye mguuni. Alipojaribu kusimama hakuweza. Mguu wake ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Mtumishi wake akachukua ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, akaifunga kandokando ya mguu uliovunjika iwe magango. Wakiwa katika kazi hiyo, likatokea kundi la nyumbu wa mizigo, zaidi ya arubaini. Njia ilikuwa nyembamba, nyumbu hawakuweza kugeuka, na kusimama hawakuthubutu, maana mawe yaliweza kuanguka tena. Haikuwa na njia nyingine: Wilson akalala chali kukata njia, nyumbu wote wakapita juu yake, mmoja mmoja. Kila mmoja aliinua kwato, akamruka. Hakuna hata mmoja aliyemkanyaga. Baadaye alisema kwamba siku ile aliona vizuri jinsi kwato la nyumbu lilivyo kubwa.

Wachukuzi wakambeba mbio siku tatu mpaka mji wa Chengdu. Majina yao hayakutiwa katika vitabu vya habari hii, nami nasikitika, kwa sababu bila mabega yao hakuna mtu angemjua Wilson wala ua lake. Jambo hilo latokea mara nyingi katika habari za wasafiri wakubwa, hata wale waliopita katika nchi zetu.

Mjini Chengdu akatibiwa na daktari wa misioni ya Waprotestanti. Kidonda kikaingia uchafu, mfupa ukakataa kuunga, wakafikiri kuukata mguu. Baada ya majuma mengi ukaanza kupona. Alikaa pale miezi mitatu, kisha akasafirishwa mpaka mtoni, na kwa merikebu mpaka Boston. Mguu ule ulibaki mfupi kidogo kuliko mwenzake, akachechemea maisha yake yote. Yeye mwenyewe alicheka, akasema ndio mwendo wa yungiyungi.

Na vitunguu je? Wale watu wa bondeni walishika neno lao. Walivichimba, zaidi ya elfu sita. Safari hii kila kitunguu kilipakwa udongo wa mfinyanzi, ndio ikawa ngozi yake, kisha vikafungwa sanduku ndani ya makaa ya miti yaliyosagwa. Vikafika Boston vizima. Vikapandwa, vikachanua, na Wilson akalipa ua jina la Kilatini: Lilium regale, ndilo yungiyungi la kifalme.

Labda mtauliza, je, kuchimba vitunguu elfu sita si kuharibu bonde? Kwa kweli ni vingi. Lakini ua hili lina wema mmoja mkubwa: linazaa kwa mbegu upesi. Mbegu zake ni bapa na nyepesi kama karatasi. Ukizipanda, mwaka wa pili au wa tatu unaona maua. Kwa hiyo wauza miche hawakuhitaji tena kwenda China kuchimba. Tena ugonjwa wa majani yenye madoa, ule unaochukuliwa na vidudu kama mnavyoona katika mihogo yetu, kwa kawaida unakaa katika kitunguu, hauingii katika mbegu. Mwenye kupanda mbegu anaanza na mmea safi.

Sasa tusikie habari za chotara. Ndani ya ua mna vijiti sita vyenye unga wa rangi ya manjano, ndio upande wa kiume, na katikati mna kijiti kimoja chenye kichwa cha kunata, ndio upande wa kike. Mwenye kutaka chotara anafungua ua kabla halijachanua, anaondoa vile vijiti sita, kusudi ua lisijizalishe lenyewe. Kisha anachukua unga wa aina nyingine, anapaka penye kijiti cha kunata, anafunika na kuandika. Mwaka 1916, Bibi Isabella Preston, Mwingereza aliyefanya kazi katika chuo cha kilimo huko Ontario, Kanada, aliunga yungiyungi la kifalme na ndugu yake, yungiyungi la Sargent, ambalo pia lililetwa na Wilson. Akapata ua refu zuri, akaliita George C. Creelman, jina la mkubwa wa chuo. Huko Orléans, Ufaransa, mwingine aliunga lile la Sargent na yungiyungi la Henry, lenye rangi ya machungwa. Jina lake ni la yule Henry wa forodha aliyechora ramani. Ndipo rangi za manjano na embe zilipoingia katika tarumbeta. Baadaye Jan de Graaff, kule Oregon, Marekani, alipanda chotara kwa maelfu na maelfu, na mojawapo ya rangi ya embe likaitwa Malkia wa Afrika.

Kuunga ni kazi ya dakika chache. Kazi yenyewe ni kuchagua. Watoto wa chotara hawafanani: huyu ana ua zuri lakini shina linaanguka, huyu ana shina imara lakini ua limeinama kama mtu mwenye haya, yule ni mzuri mwaka huu na mwaka ujao amekufa. Inafaa kungoja miaka mitatu au minne, kutazama katika mvua na katika jua, kisha kutupa karibu yote. Kutupa kunauma. Nimejaribu mimi mwenyewe na maua ya bustani ya misioni, nikahifadhi mabaya kwa huruma, na sasa yamejaa kila mahali. Lile moja lililochaguliwa halizidishwi kwa mbegu, maana mbegu zake zingetoa mchanganyiko tena. Hubanduliwa magamba ya kitunguu, yakafukiwa katika mchanga wenye unyevu kidogo, na kila gamba linazaa vitunguu vidogo vilivyo sawasawa na mama. Vikikua hupandwa chini sana, kina cha shibiri moja hivi, kwa sababu shina nalo linatoa mizizi juu ya kitunguu; tena pasiwe mahali pa kutuama maji.

Wilson alisafiri bado, Japani, Korea, Taiwani, na mwaka 1927 akawa mlinzi wa Arnold Arboretum. Yeye aliyeokoka maporomoko ya China alikufa kwa motokari. Tarehe 15 Oktoba 1930, karibu na mji wa Worcester, motokari yake iliteleza ikaacha njia, ikaanguka bondeni. Yeye na mkewe Ellen wakafa pamoja. Walizikwa Montreal, nchi ya Kanada.

Mtoto wao mmoja tu, Muriel Primrose, alikuwa ameolewa na George Slate, mtaalamu wa kilimo huko New York. Kazi ya Slate ilikuwa matunda, lakini yeye naye aliunga mayungiyungi, akaandika kitabu juu yake mwaka 1939.