Wilhelm Maybach na Sega la Nyuki

Lori linalopanda kutoka Kigoma kwenda Manyovu, katika wilaya ya Buhigwe, hukwea vilima vingi. Mafuta huwaka ndani ya injini yake, na joto lake lisipoondolewa, vyuma hutanuka na kukwama. Mmoja wa watu waliotafuta dawa ya shida hiyo alikuwa yatima.

Wilhelm Maybach alizaliwa mwaka 1846 katika mji wa Heilbronn, Ujerumani. Baba yake alikuwa seremala. Alipofikia umri wa miaka kumi alikuwa amekwisha kufiwa na wazazi wote wawili. Akapokewa mjini Reutlingen, katika nyumba ya Gustav Werner ya kulea yatima na maskini. Huko palikuwa na karakana, na kijana yule akajifunza kuchora mitambo. Msimamizi wa karakana, Gottlieb Daimler, alimpenda kwa bidii yake, nao wakafanya kazi pamoja miaka mingi.

Mwaka 1885 wawili hao waliunda chombo cha magurudumu mawili kilichoendeshwa kwa petroli. Lakini kadiri injini zilivyozidi nguvu, ndivyo zilivyozidi joto. Maji yaliyozunguka silinda yaliliondoa, ila yaliweza kuchemka na kupotea kwa mvuke, hata ikalazimu kuchukua maji mengi.

Maybach akatafakari. Uji ulio chunguni hupoa polepole, bali ukimiminwa katika sahani pana hupoa upesi, kwa kuwa hewa huugusa mahali pengi. Basi akaunganisha mirija midogo 8,070 mfano wa sega la nyuki. Upepo ulipita ndani ya mirija, na maji yakapita katika nafasi nyembamba baina yake. Nyuma akaweka feni ya kuvuta hewa gari liendapo polepole. Hivyo Mercedes ya mwaka 1901, yenye nguvu za farasi 35, ilitosheka na lita 9 za maji badala ya 18. Rejeta za leo zina umbo jingine, lakini kanuni ni ile ile.

Daimler alikuwa amefariki mwaka 1900, na mwaka 1907 Maybach aliacha kampuni yao. Hakukata tamaa. Akiwa na miaka zaidi ya sitini alishirikiana na mwanawe Karl kuunda injini za vyombo vya angani. Alifariki mwaka 1929, akazikwa Cannstatt, katika makaburi yale yale alimolazwa Daimler, aliyeuona uwezo wake alipokuwa angali kijana asiye na kitu.