Seremala Aliyeyakimbia Mafuta ya Saa

Mimi ni fundi wa saa mjini Lamu. Wateja wangu wengi hudhani mafuta ni mafuta, hata ya cherehani au ya nazi. Mtu wa namna hiyo humsimulia habari za marehemu John Harrison.

Harrison alizaliwa mwaka 1693 huko Yorkshire, Uingereza, akajifunza useremala wa baba yake. Zama zile mafuta ya saa yalitokana na wanyama na mimea; yalikuwa yakiganda, na saa ikapoteza majira. Kwa hiyo, alipotengeneza saa ya mnara huko Brocklesby Park, yapata 1722, alitumia mti mgumu wenye mafuta yake wenyewe. Saa ikaenda bila kutiwa hata tone.

Sisi wana wa bahari twajua kuwa nyota humwonyesha nahodha alivyo kaskazini au kusini. Lakini kujua alivyo mashariki au magharibi kwataka saa isiyokosa. Merikebu nyingi ziliangamia kwa sababu hiyo, na mwaka 1714 Bunge la Uingereza likaahidi zawadi ya hadi pauni 20,000.

Harrison aliifanyia kazi hiyo zaidi ya miaka 40. Saa zake tatu za kwanza zilikuwa kubwa, zisizotaka mafuta. Ya nne, ya mwaka 1759, ilikuwa na upana wa sentimita 13 tu, na hapo mafuta hayakuepukika. Akapunguza msuguano kwa almasi na rubi. Mwaka 1761 mwanawe William alisafiri nayo kwenda Jamaica. Baada ya siku 81, ilikuwa imekosa sekunde 5 tu.

Hata hivyo wakubwa walimzungusha. Mpaka Mfalme George wa Tatu alipomtetea ndipo Bunge likamlipa pauni 8,750, mwaka 1773. Miaka mitatu baadaye akafariki.

Mafuta ya leo hayagandi upesi, ila adui ni yule yule. Basi, fundi kijana, kwanza safisha. Usitie mapya juu ya makuukuu. Magurudumu yaendayo mbio yataka mafuta mepesi, na kamani kuu yataka mazito. Tumia sindano nyembamba na lenzi ya jichoni, tone lisijae kikombe cha kito. Unywele wa saa usiuguse kwa mafuta kabisa. Hapa kwetu, penye mchanga na upepo wa chumvi, tone lililozidi hukamata vumbi likawa tope. Kidogo chatosha.